Mfungo wa Perege

Wasemao husema, nasi tusikie, kwamba katika tangi moja la kioo utando wa kahawia ulitanda juu ya mimea, majani yakaanza kufa, na samaki wakawa wanatweta. Perege, aliyejiona mchamungu kuliko wote, akatangaza mfungo wa siku tatu ili Mola awaondolee uchafu ule.

Siku ya kwanza tu akamfuma Konokono juu ya jani, anatafuna.

"Huna haya, wewe! Wenzio tumefunga!"

"Natafuna huo huo utando mnaouombea uondoke, mzee wangu."

"Na kubisha juu! Kaa chini ya lile jiwe mpaka tumalize ibada!"

Konokono akajikokota, akaenda.

Chakula chao kikamwagwa kila asubuhi kama kawaida. Hakuna aliyekigusa; kikazama, kikaoza, na utando ukanenepa kwa uozo ule. Siku ya tatu maji yalikuwa yamechafuka hivi kwamba Perege hakuuona hata mkia wake.

"Tuongeze siku saba," akasema, pumzi zikimpaa.

Uduvi, ambaye kunyamaza hakukuwa kwao, akacheka. "Ongeza tu, maulana. Sisi tunafunga, utando unafuturu."

Maneno yakamchoma Perege. Akashuka mwenyewe hadi kwenye jiwe. "Toka, ndugu yangu, unisamehe. Nilimwomba Mola jibu, na lilipokuja nikalifungia hapa kwa sababu lilikuwa linakula."

"Amina," akasema Konokono, akalipanda jani.

Na asubuhi ile chakula kilipomwagwa, kwa toba, Perege akala mpaka punje ya mwisho.