Jiwe la Kupanda Nalo

Hija yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja tu, kupanda kilima hadi msalabani, lakini kuipanga na bintiye Generoza kulimchosha Sekunda kuliko kilima chenyewe. Raba, binti hataki. Kofia, hataki. Mkate, eti unanuka siagi.

"Haya, kachukue jiwe lako basi!"

Kila hujaji hupanda na jiwe, kubwa au dogo kulingana na mzigo alio nao moyoni, akaliache chini ya msalaba. La Sekunda, dogo kama kokwa ya tende, lilikuwa tayari mfukoni.

Generoza alirudi amekumbatia lile linalozuia mlango wa jikoni.

"We mtoto, unanifanyia makusudi! Miaka kumi na mitano, una nini cha kubebea jiwe lote hilo?"

Generoza alilitia kwenye begi, akafunga zipu, akakaa akitazama miguu yake.

Sekunda alilinyakua begi akalitupe jiwe nje. Uzito ukamvuta bega. Akalishusha taratibu, akamtazama mwanawe.

Kisha akashika mkanda mmoja wa begi, akangoja binti ashike wa pili.