Swali la Saba

Dodoso lilitaka namba moja tu kwa kila swali, na Dokta Pendael alikuwa amekwama kwenye la saba: kutoka moja hadi tano, fani unayosomea inakuridhisha kiasi gani?

"Mimi tano," alisema Dokta Siwema, aliyekuwa akisomea upasuaji. "Uvimbe nimeutoa kwa mikono yangu. Wewe wa dawa ya usingizi, mgonjwa hata sura yako haikumbuki."

Pendael akacheka, maana ni kweli. Mjini mle walikuwepo watoto kadhaa waliopewa jina la Siwema. La Pendael, hakuna. Yeye alikuwa na mazoea yake tu: kila mgonjwa, kabla ya kumtia usingizi, alimwuliza atapika chakula gani akirudi nyumbani. Asubuhi ile Mama Shukurani, aliyeingia akitetemeka, alianza kumweleza samaki wa nazi, na hofu ikamtoka kidogo kidogo. "Tui likishachemka," alisema, "unatia..." Akalala.

Sasa, upasuaji umekwisha, alikuwa anaamka, vitanda viwili kutoka walipokaa. Pendael akamwendea, akamwinamia.

"Mama, umetoka salama."

Macho yangali yamefumbwa, midomo mikavu ikasogea.

"...ukwaju," akanong'ona. "Ila kidogo tu, baba. Usije ukaniharibia samaki."

Baadaye Siwema aliivuta karatasi ya mwenzake kuchungulia. Kwenye kisanduku cha namba paliandikwa ukwaju. Alipoinua macho amwulize, Pendael alikuwa ameshafika mlangoni, akimpokea mzee aliyekuwa akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu kuja kupasuliwa.

"Shikamoo, mzee. Hebu niambie, ukirudi nyumbani tunaanza na chakula gani?"