Fundo la Kanga

Katika nyumba ile kongwe ya wageni huko Japani, yenye chemchemi ya maji moto, sheria ilikuwa moja: ulichokiona na kukisikia katika bustani yake ni mali ya bustani. Ukitoka, lango hukifuta kichwani, ukirudi, hukurudishia.

Bi Mwanaasha alipokanyaga jiwe la kwanza ndani ya lango la bustani, sauti ya marehemu mumewe, Tetsuo, ilimrudia. Maneno yake ya mwisho aliyasema hapa, chini ya msonobari, kando ya bwawa.

Alimrudia mlinzi wa lango mbio. "Kifo kimemchukua, na nyinyi mnanichukulia maneno yake?"

Mlinzi aliinama. "Mwaka jana pia ulisema hivyo, mama. Ukanirushia kiatu."

"Basi na hiki hapa!"

Kiatu kilimpata begani. Kisha Bi Mwanaasha akapiga fundo kwenye pindo la kanga yake, akalikaza kwa meno, ili limkumbushe maneno ya Tetsuo. Akatoka.

Nyumbani, alipokuwa akifua, aliliona lile fundo. Akalifungua, halikuwa na kitu ndani. Akaikung'uta kanga, akaianika kwa hasira asiyojua ilikotoka.