Binti Aliyeitwa Sabuni

Siku hizo mtu aliweza kubadilishwa jina mara moja tu maishani, na milango yote ilifungukia jina jipya peke yake. Shebe alitamani kazi ya kutunga matangazo ya sabuni ya Ng'aro, basi akambadilisha jina bintiye Mwanaisha, akawa Ng'aro.

"Hapo lazima wanione," alimwambia mkewe, Tunu, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto wao mchanga.

"Mbona hukujibadilisha wewe?"

"Langu nitalihitaji nikishapata umaarufu."

Tunu alimtazama kama aonaye kombamwiko ndani ya sukari. Nje, binti alijitaja Mwanaisha mpaka akalia, mlango ukagoma. Aliposema "Ng'aro," ukafunguka.

Kampuni ilijibu kwamba akina Ng'aro wameshazidi, abuni jina jipya. Jioni hiyo Shebe, kwa mara ya kwanza, aliomba kumpakata mtoto wao mchanga. Tunu akamkumbatia mtoto kifuani, asimpe.