Ruhusa ya Talib

Kila asubuhi, kabla ya kina mama kufika, muuguzi Suhaila hutundika mizani ya watoto kwenye boriti ya baraza ya kituo cha afya, akaning'iniza kidumu cha maji cha lita tano kuona kama mshale utasimama kwenye tano. Asubuhi ile mshale ulikuwa haujatulia aliposikia magurudumu. Gari la ng'ombe lilikuja mbio kutoka mashambani upande wa Wingwi. Akakiacha kidumu kikibembea.

Ndani ya gari, juu ya majani makavu ya mgomba, alilala Mwanaasha, mimba yake ya miezi minane. Bi Mwanapili, mama wa mumewe, alikuwa amempakata kichwa.

"Kaamka haoni vizuri," alisema Bi Mwanapili. "Kichwa kinamgonga, mwanga unamuumiza. Mimi n'kadhani uchovu tu."

Uso ulikuwa umevimba. Mguu ukiubonyeza, shimo linabaki. Suhaila alipima presha: mia na themanini kwa mia na kumi na tano. Akapima tena, akiomba awe amekosea. Hakukosea.

Kifafa cha mimba hakikuwa mbali. Alimchoma sindano ya kukizuia, akampa kidonge cha presha, akapiga simu hospitali. Pale kituoni hapakuwa na chumba cha upasuaji, wala damu, wala kitanda cha joto cha mtoto njiti. Alikuwepo yeye, mwenye miezi saba kazini, na sauti ambayo hata wagonjwa humwomba aipandishe.

Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika ishirini. Haroub, dereva, akafungua mlango wa nyuma.

"Hapana," alisema Bi Mwanapili. "Huko watampasua. Mke wa mtu hapasuliwi mumewe hajui. Tumngoje Talib. Nimeshamtumia mtu Tumbe."

Suhaila alijua kanuni: sahihi inayotakiwa kwenye fomu ya idhini ni ya mgonjwa mwenyewe. Alilijibu swali hilo kwenye mtihani wa chuo, akapata. Akainama sikioni mwa Mwanaasha.

"Wewe mwenyewe unasemaje, dada?"

"Msimngoje," alinong'ona Mwanaasha.

"Basi tia sahihi hapa."

Mwanaasha alimtazama Bi Mwanapili, aliyekuwa akimpepea kwa upindo wa kanga. Akafumba macho. Kalamu ikabaki mkononi mwa Suhaila.

"Huyu hana mama, hana baba," alisema Bi Mwanapili, machozi yakimlenga. "Tangu aolewe yuko kwangu. Talib akenda Tumbe kuchuuza samaki, wiki nzima harudi, tunabaki sisi wawili na kuku wetu. Nikimpeleka akafia kwenye kisu, nimwambie nini mwanangu?"

Na akifia hapa, Bi? Hivyo ndivyo Suhaila alivyotaka kusema. Kilichomtoka ni, "Basi tusubiri kidogo."

Wakasubiri. Haroub alizunguka gari lake mara tatu.

"Huyo Talib anakuja kwa magoti? Kobe angeshafika, akanywa na chai."



Saa tatu na nusu Talib alifika kwa baiskeli, tenga la samaki nyuma, shati limemganda mgongoni. Mwanaasha, ambaye tangu afike hakuwa na nguvu ya kushika kikombe, alivuta kanga akajifunika nywele zote mpaka kwenye paji la uso. Suhaila akadhani ni mwanga unaomuumiza, akasogeza pazia.

Talib hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, macho chini.

"Mwanangu, wanataka kumpeleka kumpasua," alisema mama yake. "Sema."

"Msikilizeni daktari, mama."

"Daktari ndiye aliyeoa? Sema wewe. Aende, asiende?"

Talib alishika mwimo wa mlango. "Mimi sina la kusema."

"Mmesikia? Hakuruhusu."

Suhaila alimfuata barazani. Alimweleza habari za presha, za ubongo, za mtoto anayekosa hewa kila dakika inayopita. Talib alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu.

"Mwulizeni yeye, dada," alisema. "Si mimi."

Hapo simu ya Haroub ikalia. Kijiji cha mbele mwanamke kajifungua, damu haikatiki.

"Gari ni hili hili moja, Suhaila. Unanipa mgonjwa au hunipi?"

Suhaila alifungua mdomo. Alimtazama Bi Mwanapili, akamtazama Talib. Haroub alingoja kidogo, kisha akafunga mlango taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Nitarudi. Saa moja, moja na nusu."

Vumbi lilipotulia, Suhaila alipima presha tena. Ilikuwa imepanda. Vidole vya Mwanaasha vilianza kuchezacheza vyenyewe juu ya shuka. Mkebe wa sindano ulikuwa pale pale mezani, na ndani yake hapakuwa na cha kumpasulia wala cha kumtolea mtoto.

Ndipo Suhaila, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akampigia kelele mtu mzima.

"Neno moja tu! Ungesema 'nendeni', saa hizi wangekuwa hospitali! Huna huruma na mkeo?"

Talib alijifunika uso kwa viganja.

Kitandani, Mwanaasha aligeuza shingo. Hakumtazama Talib, wala Suhaila. Alimtazama Bi Mwanapili, akamshika mkono uliokuwa ukimpepea, na sauti yake ikatoka safi hata waliokuwa barazani wakaisikia.

"Msimlaumu, mama. Huyu si mume wangu. Kaniacha kwa talaka tatu, tangu siku ya pili ya Idi."