Matundu Kwenye Grini

Majani yalikuwa yametobolewa. Si tundu moja wala mawili. Mamia kwa mamia, kila moja la kuingia kidole, na juu yake vipande vya udongo vimetapakaa kama kinyesi cha mbuzi.

Mama alishika kichwa. Glavu alizomletea mwanawe zikamdondoka.

"Wamemmaliza," alisema. "Wamemmaliza mwanangu!"

Mdogo wake, aliyemsindikiza, aliinama kutazama. "Hii si kazi ya panya, dada."

"Ni panya wa miguu miwili."

Grini yenyewe, yaani pale penye majani mafupi kama zulia na kishimo cha kutumbukiza mpira wa gofu, haikuwa kubwa. Ilikuwa ile ndogo ya mazoezi, ukubwa wa vyumba viwili vitatu hivi. Maji yalikuwa yanatuama juu yake na majani yamegeuka manjano. Mwanawe alipewa hiyo iwe mtihani wake. Miezi mitatu alikuwa kibarua, na leo saa nane mgeni angekuja kuikagua. Akiridhika, barua ya ajira. Asiporidhika, arudi nyumbani na kofia yake.

Alfajiri aliondoka mbio, hata chai hakumaliza. "Mama, leo usije kule, tafadhali."

"Nije kufanya nini mimi?"

Lakini glavu alizisahau mezani, na wapo watu wanashika dawa za majani kwa mikono mitupu, halafu baadaye wanashangaa ngozi inabanduka. Mama gani angekaa kimya? Mlinzi wa getini alishamzoea. Mwezi huu ilikuwa mara ya nne: sweta, kitambaa cha kuziba pua, sweta tena, na leo glavu.

"Mwanao kaenda na trekta kuleta mchanga," mlinzi alimwambia. "Atarudi pamoja na mgeni."

Saa saba na nusu sasa. Na grini ni chekeche.

Hatua chache kutoka pale, ndani ya shimo la mchanga wanalowekewa wachezaji ili mipira yao inase, mzee mmoja alikuwa anasawazisha mchanga kwa reki. Wenzake walimwita Bwana Reki. Mama alimjua kwa habari zake tu: kwamba nafasi hiyo ya ajira aliitaka kwa ajili ya mpwa wake. Ukingoni mwa shimo ulisimama uma wa kuchimbia. Meno yake yote manne yalikuwa na udongo mbichi.

Mama akautazama uma. Akautazama udongo. Akamtazama mzee.

Bwana Reki aliinua kichwa, akatabasamu hadi pengo likaonekana. "Umeiona, mama? Pembeni kote kule ni mkono wangu! Mgongo hauna hali."

"Nimeiona, baba," mama alijibu.

"Leo mwanao atatajwa hapa, wewe subiri tu." Mzee aliweka reki begani, akaenda zake kula, huku anapiga mluzi.

Mdogo mtu alikuwa ameshavua kiatu. "Niachie, dada. Kiatu kimoja tu cha kisogo!"

"Vaa kiatu chako. Tukianza ugomvi, mgeni anatukuta tunagombana na matundu yapo palepale. Kwanza tumwokoe mtoto. Huyo mzee nitamshughulikia kesho."

Mtoto mwenyewe ana ndevu na miaka thelathini na mmoja, lakini kwa mama hayo ni mapambo tu.

Walichukua mafagio mawili kwenye kibanda cha vifaa. Wakafagia vile vipande vya udongo na kuvirudisha ndani ya matundu. Vilivyokataa kuingia walivisukuma kwa vidole, kimoja kimoja, wakitambaa kwa magoti kama watoto wachanga. Palipopungua, mama alijaza kwa konzi ya udongo, akashindilia kwa kisigino. Kucha zilikatika. Jasho liliingia machoni.

"Huku bado!"

"Wewe huko kwako umeruka mstari mzima, unanisemea mimi?"

Kisha wakaliona rola, lile pipa la chuma la kulainishia majani. Mdogo mtu akavuta, mama akasukuma. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakamwagia maji, wakapitisha tena. Tundu moja baada ya jingine likajifunga, hadi usingeweza kujua kwamba pale pamewahi kupita hata sindano.

Trekta lilisikika. Wakarudisha mafagio, wakajibanza nyuma ya kibanda, wakihema.

Mwanawe alishuka kwenye trekta lililojaa mchanga mkavu. Mgeni, mtu mzima mwenye kofia nyeupe, alimtangulia hadi kwenye grini, akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya majani taratibu.

"Laini," alisema. "Laini kabisa."

Mama alimfinya mdogo wake hadi akataka kupiga kelele. Machozi yalimtoka. Aliona barua ya ajira kama iko mkononi mwake.

Lakini mwanawe hakuwa anacheka. Alisimama kando ya trekta, koleo mkononi, anaitazama ile grini kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Mgeni akatoa rula ndogo mfukoni.

"Haya, fundi. Sasa nioneshe yale matundu uliyotoboa tangu alfajiri ili mizizi ipumue. Nipime yameenda chini kiasi gani, kisha tuyajaze mchanga."