Mke Mwenza wa Kijani

Adhuhuri Mwanakombo alifunua kawa akakuta wali wa mumewe haujaguswa, siku ya tisa sasa. Kibwana alikuwa uani, amevua shati, mgongo wake wa kijani ameuelekeza juani, akitabasamu peke yake kama bwana harusi.

Nusu ya mtaa walikwisha kuchanjwa mwani ule unaoishi ndani ya ngozi, ukipika chakula kwa jua na kumlisha mwenye mwili.

"Njoo ule japo tonge moja, baba Zena."

"Nimeshiba, mama Zena. Kula wewe."

Kashibishwa na nani? Angekuwa mwanamke, Mwanakombo angemvalia kanga yenye maneno makali akapita mlangoni kwake mara tatu. Huyu wa ndani ya ngozi utamvalia kanga gani?

Akaenda zahanati kuuliza kama mwani hutolewa.

"Hautoki, dada," muuguzi alimwambia. "Hata ukijani wa majani ulianza hivyo. Zamani sana seli moja ilimmeza mwenzake, ikashindwa kumsaga. Wakazoeana, hadi aliyemezwa akamkabidhi mwenyeji siri zake zote. Sasa hawezi kuishi nje. Mwani na mumeo wameshafika hapo."

Mwanakombo alirudi mbiombio, akachukua sahani, akasimama mbele ya mumewe. Alifinyanga tonge akampelekea mdomoni, kama walivyolishana siku ya harusi yao.

Kibwana alifumbua macho.

"Mama Zena," alisema kwa upole, "sogea kidogo. Unamzibia jua mwenzangu."